Mkunazi Uliobebeshwa

Mkunazi ulio nyuma ya nyumba yangu uliota wenyewe, pengine kutokana na kokwa iliyotemwa na mtoto. Miiba tele, na kunazi zake ndogo zilikuwa kokwa tupu, nyama kiduchu. Nilikuwa nimeshanoa panga. Jirani yangu wa hapa Tanga, aliyejifunza kazi yake kwenye mikorosho ya Mtwara, akanizuia: "Huu haukatwi, mzee mwenzangu. Huu unabebeshwa."

Vitabu vya kilimo hupenda kusema kupandikiza. Si kosa, ila neno hilo lina shughuli nyingi: daktari hupandikiza figo, mkulima hupandikiza mpunga kutoka kitaluni. Wengine husema kuunga, nalo ni neno zuri, lakini kilichoungwa, uwe mfupa au undugu, hutarajiwa kiwe kitu kimoja. Mti haufanyi hivyo. Mzizi hubaki wa mkunazi wa uani mpaka unakufa, na tawi la juu hubaki lilivyokuwa kwa mama yake. Pale zinapokutana ngozi mbichi zenye utelezi, chini ya ganda, ndipo maji hupita. Kubebesha kunalisema hilo barabara. Mmoja amembeba mwenzake, na mtoto wa mgongoni hageuki kuwa mgongo. Ukiyaachia maotea chini ya kovu, mbebaji hurudi na miiba yake ileile na kumzidi nguvu aliyebebwa.

Ndiyo maana nalipenda neno hili kwa mkunazi kuliko kwa mti mwingine wowote. Wahindi wana kunazi za kuchagua, Gola, Seb, Umran, na majina hayo hayarithiwi kwa kokwa. Ukipanda kokwa ya Umran utapata mkunazi, lakini Umran huna hakika nayo. Jina huendelea kuishi kwa kubebwa tu, mti hadi mti. Kwetu pwani jina la mkunazi limebebwa kwa njia nyingine: majani yake yamo katika maji ya kuoshea maiti, na mtaa mzima wa Unguja, lilipokuwa soko la watumwa na sasa lipo kanisa kuu la Kianglikana, unaitwa Mkunazini.

Neno linalonisumbua ni kikonyo. Wabebeshaji huita hivyo kijiti kinachokatwa kwenye mti mzuri ili kibebeshwe. Lakini kikonyo ni kile kinachoshika tunda au jani, na Mpemba ukimtajia makonyo atafikiria vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Siku ile jirani alileta kikonyo kirefu kama penseli, akakata jicho moja pamoja na kipande cha ganda, akaniambia: "Kata jani, kikonyo kiache." Nikabaki na kisu mkononi, nisijue ni kipi. Alikuwa anasema kile kishikio kifupi cha jani, kilicho chini ya jicho.

Ningeomba kijiti kiitwe kipando, kama tunavyosema vipando vya muhogo, ila kipando hutiwa ardhini, nacho hiki hakiigusi ardhi. Kibebwa kingefaa zaidi. Nimeanza kulitumia na jirani hajalikataa.

Alichanja ganda la mkunazi wangu mkato wa herufi T, akaliinua pembeni kwa ncha ya kisu. Lilibanduka bila kuchanika, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeingia. Akalitelezesha jicho ndani, akalifunga kwa ukanda wa nailoni, jicho lenyewe akaliacha wazi na kile kikonyo kimechomoza. "Baada ya wiki tatu utakigusa," alisema. "Kikidondoka, limeshika. Kikikauka kikang'ang'ania, limekufa."

Nilikigusa kwa ukucha alfajiri moja, kabla sijanywa chai. Kilidondoka.