MAARIFA: Mota ndogo ya gia hupimwa inapokwama, si inapozunguka

MIONGONI mwa vifaa ambavyo wanafunzi, mafundi wa jua kali na wapenzi wa elektroniki hununua mara kwa mara ni mota ndogo ya betri iliyounganishwa na gia. Ndiyo inayosukuma magurudumu ya kigari cha roboti katika maonyesho ya sayansi ya shule, ndiyo inayofungua na kufunga kilango cha banda la kuku, na ndiyo inayogeuza mayai ndani ya kiangulio kilichotengenezwa nyumbani.

Hata hivyo, mota hiyo hiyo huwa ya kwanza kuungua, na mara nyingi huangamia pamoja na bodi ya kielektroniki inayoiongoza, ambayo bei yake huizidi mota yenyewe. Si lazima mota iwe mbovu ndipo hasara hiyo itokee. Wanunuzi wengi huuliza mambo mawili tu dukani: mota inatumia volti ngapi na inazunguka kwa kasi gani. Jambo la tatu, yaani kiasi cha umeme ambacho mota hula inapokwama, huulizwa na wachache, ilhali ndilo linaloamua ikiwa kazi nzima itasimama au itaanguka.

Muundo wake

Umeme wa betri hutiririka kuelekea upande mmoja tu. Ndani ya mota kuna sumaku zilizotulia kandokando ya gamba, na katikati kuna rota iliyozungushiwa koili za waya wa shaba. Vipande viwili vyembamba viitwavyo brashi huigusa rota na kuipa umeme inapozunguka. Koili zikipata umeme hugeuka kuwa sumaku, zikavutwa na kusukumwa na zile sumaku tulivu, nayo rota ikazunguka. Ukibadilisha nyaya mbili za betri, rota huzunguka kinyume.

Rota ikiwa peke yake ina mbio nyingi lakini nguvu kidogo. Unaweza kuisimamisha kwa vidole viwili. Hapo ndipo gia zinapohitajika. Mwendesha baiskeli anayepanda mlima hubadilisha gia ili akanyage mara nyingi huku gurudumu likizunguka kidogo. Hupoteza mwendo, akapata nguvu. Mota nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Chukua mfano wa mota ya gamba la plastiki la manjano, ambayo imeenea mno katika vigari vya wanafunzi. Aina inayopatikana zaidi ina uwiano wa gia wa 1 kwa 48. Maana yake ni kwamba rota huzunguka mara 48 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Ikipewa volti 6 bila mzigo, gurudumu huzunguka takriban mara 200 kwa dakika, kumaanisha kuwa rota ndani yake inazunguka karibu mara 9,600. Nguvu za kuzungusha nazo huongezeka karibu mara 48, ukitoa sehemu inayopotea kwa msuguano wa meno ya gia.

Kinachotokea mota ikikwama

Mota inapozunguka, yenyewe huzalisha umeme mdogo unaopingana na ule wa betri. Upinzani huo ndio unaozuia mota isile umeme kupita kiasi. Kwa hivyo, mota ya manjano inayozunguka bila mzigo kwa volti 6 hutumia takriban ampea 0.16 tu.

Shafti ikizuiwa, upinzani huo hutoweka mara moja. Kinachobaki ni ukinzani wa waya wa koili peke yake, ambao ni mdogo. Umeme hupanda hadi takriban ampea 1.5, karibu mara kumi ya awali. Ukizidisha volti 6 kwa ampea 1.5 unapata wati 9, na kwa kuwa hakuna kinachosogea, wati zote hizo hugeuka joto ndani ya kijimota kisichozidi kidole gumba. Insulesheni ya waya huyeyuka, brashi huharibika, na mota huwa imekwisha.

Ni muhimu kufahamu kuwa mota hupitia hali hiyo hata pasipo ajali. Kila inapowashwa, kwa muda mfupi sana rota huwa bado haijaanza kuzunguka, hivyo hula umeme sawa na ule wa kukwama. Vivyo hivyo, mota inayovuma bila kuzunguka imekwama, wala haipumziki.

Hesabu kabla ya kununua

Nguvu za kuzungusha huandikwa kwa kipimo cha kilo-sentimita. Kilo-sentimita 1 ni sawa na uzito wa kilo 1 unaoning'inia umbali wa sentimita 1 kutoka katikati ya shafti. Mota ya manjano ya uwiano wa 1 kwa 48 hukwama ikifikia takriban kilo-sentimita 0.8 kwa volti 6.

Tuseme kigari kina uzito wa kilo 1, kina mota mbili, na magurudumu yake yana kipenyo cha sentimita 6.5. Kinatakiwa kupanda mteremko unaoinuka mita 1 kwa kila mita 4 za njia. Robo ya uzito, yaani gramu 250, ndiyo itakayokivuta nyuma. Zidisha kilo 0.25 kwa nusu ya kipenyo cha gurudumu, yaani sentimita 3.25, unapata kilo-sentimita 0.81. Gawa kwa mota mbili, kila moja inabeba takriban 0.41.

Mtu anaweza kufurahi akidhani 0.41 ni ndogo kuliko 0.8. Lakini mota iliyobebeshwa nusu ya mzigo wa kuikwamisha hupoteza nusu ya kasi yake na kula takriban ampea 0.8. Itapanda, ila itapata joto jingi, na kijiwe kimoja tu njiani kitatosha kuisimamisha. Kanuni nzuri ni mzigo wa kawaida usizidi thuluthi moja ya ule unaokwamisha mota.

Suluhisho ni kupunguza uzito, kutumia magurudumu madogo, au kuchagua gia nyingine. Mota hizo hizo hupatikana kwa uwiano wa 1 kwa 120. Nguvu zake huzidi mara mbili, ingawa kasi hushuka. Kigari ambacho kingeenda mita 40 kwa dakika kwenye sakafu sasa kitaenda takriban mita 16. Hata hivyo, usisahau kuwa gia za plastiki zina kikomo chake. Kazi nzito huhitaji mota yenye gia za chuma.

Kuunganisha na bodi

Kosa linalogharimu zaidi ni kuiunganisha mota moja kwa moja na pini ya bodi. Pini ya Arduino Uno ya kizazi cha R3 imekusudiwa kutoa takriban miliampea 20, na kikomo chake ni 40. Mota ya manjano huhitaji miliampea 160 hata bila mzigo, na 1,500 inapokwama. Kazi ya pini ni kutoa amri. Umeme wa kazi sharti utoke kwenye betri kupitia saketi nyingine.

Kama mota itazunguka upande mmoja tu, transista moja inatosha. Kama inafaa kwenda mbele na nyuma, hutumika kiendeshi cha swichi nne zilizopangwa kwa umbo la herufi H, mota ikiwa katikati. Swichi mbili zikifungwa, umeme hupita kutoka kushoto. Mbili nyingine zikifungwa, hupita kutoka kulia.

Kiendeshi kinachojulikana zaidi ni L298N. Kinaweza kuhimili ampea 2 kwa kila mota, lakini chenyewe hupoteza takriban volti 2 au zaidi. Ukikitumia na betri za volti 6, mota hupata karibu volti 4 tu, kisha mwenye kazi hulalamika kuwa mota ni dhaifu. Kwa mota ndogo, TB6612FNG inafaa zaidi kwa kuwa hupoteza kidogo sana, hutoa ampea 1.2 mfululizo na kustahimili hadi 3.2 kwa muda mfupi.

Isitoshe, umeme unapokatwa, koili hurusha volti kali kinyumenyume ambazo zinaweza kuiua transista. Dawa yake ni dayodi ndogo kama 1N4007, iliyowekwa kinyume sambamba na mota. Bodi nyingi za viendeshi huwa tayari zimekingwa, lakini anayetumia transista peke yake hana budi kuiweka mwenyewe. Aidha, kapasita ya maikrofaradi 0.1 iliyolehemiwa kwenye ncha mbili za mota hupunguza kelele za umeme zinazotoka kwenye brashi, ambazo mara nyingine huifanya bodi ijizime na kuanza upya.

Betri ya mraba ya volti 9 haifai kwa kazi hii. Volti inazo, lakini haiwezi kutoa ampea zinazohitajika. Betri nne za AA ni bora kwa mbali. Pia, hakikisha ncha hasi ya betri za mota imeunganishwa na ncha hasi ya bodi. Bila hivyo amri za bodi hazitaeleweka na kiendeshi.

Mfano wa kiangulio

Umuhimu wa mambo haya huonekana wazi katika kiangulio. Mayai ya kuku huangua baada ya siku 21, na hugeuzwa mara kadhaa kila siku hadi siku ya 18 ili kiinitete kisigandamane na gamba. Mota ikiungua usiku bila mwenyewe kujua, hasara yake si bei ya mota bali ni vifaranga wa trei nzima.

Kazi hii haihitaji mbio. Mizunguko michache kwa dakika inatosha. Gia iliyo mfano wa parafujo ndiyo bora, kwa sababu uzito wa trei huwa hauwezi kuizungusha kinyume: umeme ukikatika, trei hubaki pale pale ilipoinamia. Weka swichi ndogo kila mwisho wa mwendo wa trei ili mota izimwe ikifika. Kisha ipange programu ikate umeme na kupiga king'ora iwapo trei haijafika baada ya muda uliozoeleka. Fyuzi nayo ni ulinzi wa mwisho.

Mota za vyuma kuukuu

Wengi hupata mota ya wipa ya gari kutoka kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Ni mota nzuri ya volti 12, na ndani yake kuna gia ya mfano wa parafujo. Lakini hula ampea kadhaa hata katika kazi ya kawaida, kwa hivyo viendeshi vidogo vilivyotajwa hapo juu haviiwezi. Huhitaji relei au kiendeshi kikubwa, nyaya nene na betri ya gari.

Kama mota haina maandishi yoyote, usikate tamaa. Pima ukinzani kati ya ncha zake mbili kwa mita, ukigeuza shafti polepole, na uchukue kipimo cha chini kabisa. Gawa volti za betri kwa kipimo hicho. Jibu utakalopata ni makadirio ya ampea ambazo mota itakula ikikwama. Mathalan, volti 6 zikigawanywa kwa omu 4 ni ampea 1.5. Chagua kiendeshi, betri na fyuzi kulingana na nambari hiyo, kisha ndipo ufikirie kasi.