Uganda: Namna ya kukadiria kiwango cha mkopo wa nyumba

Anayetaka kununua nyumba kwa mkopo nchini Uganda aghalabu huanza kwa kuulizia bei. Benki huanza kwingine: hutazama kwanza fedha zinazobaki mkononi mwa mwombaji kila mwezi. Kwa kuanzia hapo, mwombaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe kabla ya kujaza fomu, akajua kiasi anachoweza kupewa na gharama yake halisi.

Mapato yanayohesabiwa

Kwa mwajiriwa, kinachoangaliwa ni mshahara baada ya kukatwa kodi ya mapato na mchango wa asilimia 5 wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mfanyabiashara hutakiwa kuonyesha taarifa za akaunti yake ya benki na hesabu za biashara. Fedha zisizopita benki ni vigumu kuzithibitisha, hata kama ni nyingi.

Kila benki ina ukomo wake wa marejesho, lakini wengi hukumbana na kiwango cha kati ya asilimia 40 na 50 ya mapato hayo, mikopo yote ikijumlishwa.

Mathalani, mfanyakazi anayebakiwa na shilingi milioni 2 kwa mwezi, kwa ukomo wa asilimia 40, anaweza kulipa shilingi 800,000. Iwapo tayari analipa 200,000 kwenye chama cha akiba na mikopo, zinabaki 600,000 kwa ajili ya nyumba.

Riba na muda

Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka na muda wa miaka 15, marejesho ya shilingi 600,000 kwa mwezi yanabeba mkopo wa takribani shilingi milioni 40.8. Bila lile deni la chama, angeweza kukopa takribani milioni 54.4. Deni dogo la kila mwezi limempunguzia zaidi ya shilingi milioni 13. Ndiyo maana ni busara kulimaliza kwanza.

Wengi huomba muda mrefu zaidi wakitumaini kupata mkopo mkubwa zaidi. Riba inapokuwa juu, faida yake ni ndogo. Kwa miaka 20, marejesho yale yale yanabeba takribani milioni 43.1, yaani nyongeza ya milioni 2.3 tu. Lakini mkopaji atakuwa ameongeza miaka mitano ya malipo, ambayo ni shilingi milioni 36.

Sababu ni kwamba mwanzoni fedha nyingi humezwa na riba. Katika mkopo wa milioni 40.8, riba ya mwezi wa kwanza pekee ni shilingi 544,000. Zinazopunguza deni lenyewe ni kama 55,000.

Fedha za kuanzia

Mwaka 2021 Benki Kuu ya Uganda iliweka ukomo wa mkopo wa nyumba ya kuishi kuwa asilimia 85 ya thamani yake. Kwa nyumba ya shilingi milioni 48, mkopo hautazidi milioni 40.8, na mnunuzi atatoa milioni 7.2 mfukoni. Thamani hupimwa na mthamini. Bei aliyotaja muuzaji ikizidi thamani hiyo, tofauti ni juu ya mnunuzi.

Kuna pia ushuru wa stempu: asilimia 1.5 ya thamani wakati wa kuhamisha umiliki. Katika mfano huu ni shilingi 720,000, mbali na ada za mthamini, wakili na benki.

Hati na ridhaa

Hesabu nzuri haitoshi pasipo hatimiliki. Mwenye kibanja juu ya ardhi ya mailo ana haki ya kukaa, lakini hati huwa kwa mwenye ardhi, hivyo ni vigumu kwake kupata mkopo wa rehani. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka pia ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa dhamana.

Kabla ya kutia saini

Mkataba ukiruhusu riba kubadilika, hesabu irudiwe kwa kiwango cha juu zaidi. Riba ikipanda kutoka asilimia 16 hadi 18, marejesho ya mkopo huo yatafika karibu shilingi 657,000. Mkopaji akishindwa kulipa, sheria humtaka mkopeshaji kumpa ilani ya siku 45 za kazi arekebishe hali. Asipofanya hivyo, nyumba yaweza kuuzwa.

Njia rahisi ya kujipima ni kuweka akiba kiasi hicho cha 657,000 kila mwezi kwa miezi sita, huku kodi ya nyumba na karo za watoto zikilipwa kama kawaida. Anayeshindwa kabla ya kukopa atafute nyumba ya bei nafuu zaidi.