Kwa nini kovu la kichwani halioti nywele

Msusi yeyote wa Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, huliona jambo hili: nywele zilizonyolewa huota tena, lakini penye kovu hubaki peupe. Sababu imo katika vinyweleo, yaani vijishimo vya ngozi ambamo kila unywele huota.

Vinyweleo vya binadamu huundwa akiwa bado tumboni mwa mama. Jeni fulani huziamuru seli zitoe protini ziitwazo Wnt. Protini hizo hupeleka ishara kwa seli jirani, nazo hujikusanya na kuunda kinyweleo. Kwa mtu mzima, ishara hiyo huamsha vinyweleo vilivyopo ili viote unywele mpya. Kwa kawaida haiundi vingine.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba panya waliokomaa, wakipata jeraha pana, huweza kuunda vinyweleo vipya katikati ya jeraha hilo. Ishara ya Wnt ilipozuiwa, vinyweleo havikutokea, ilipoongezwa, viliongezeka. Hata hivyo, nywele zake ziliota nyeupe.

Ugunduzi huo bado haujawapatia binadamu tiba ya kawaida ya kuotesha nywele kwenye kovu. Kwa hiyo kinga ni muhimu. Maumivu na vipele baada ya kusukwa kwa kukazwa mno ni onyo. Msuko ukilegezwa mapema, nywele huweza kurudi. Kinyweleo kikishageuka kovu, hazirudi.