Urejeshaji wa Mito ya Migodini: Mto Kiwira na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa tangu 1988

Historia ya makaa ya mawe ya Songwe-Kiwira kwa kawaida huandikwa kama historia ya nishati. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa wilayani Ileje kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ulikusudiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka na kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 6. Insha hii inautazama mgodi huo kutoka Kyela, ambako mito ya Kiwira na Songwe huingia ziwani. Hoja yake ni kwamba mbinu zilizozoeleka za kusafisha mito hupima maji, ilhali hapa kinachopaswa kulindwa kwanza ni changarawe za sakafu ya mto.

Sababu ni mbasa. Samaki huyu huishi ziwani, lakini wakati wa mvua hupanda mtoni kutaga mayai kwenye changarawe safi. Vumbi la makaa na tope la vifusi likijaza nafasi kati ya mawe, mayai hukosa hewa, hata kama maji yaliyo juu yameonekana maangavu. Mvuvi wa Kyela hulitambua jambo hili mapema kuliko maabara.

Asidi ni tatizo la pili. Madini ya pairiti yaliyomo katika makaa yakikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfuriki, nayo huyeyusha chuma na metali nyingine. Dawa ya kale ni chokaa: asidi hupungua, chuma hutuama kama tope la rangi ya kutu. Chokaa hufanya kazi upesi, lakini huhitaji mtu, fedha na barabara kila mwezi, hata baada ya mgodi kufungwa. Kwa hiyo katika bonde la Pelenna, Wales, miaka ya 1990, maji ya migodi iliyoachwa yalipitishwa katika maeneo oevu yaliyotengenezwa, na samaki wakarudi.

Matete ya Kyela yangeweza kazi hiyo. Mvua ndiyo kikwazo. Wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na bwawa la kutuamia tope lililopimwa kwa kiangazi hufurika masika, msimu uleule wa mbasa kupanda. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mifereji ya kukinga maji safi yasipite kwenye vifusi, pamoja na udongo na nyasi za kuvifunika, hutangulia bwawa lolote.

Nani agharimie? Mgodi ulitangulia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kwa miaka 16. Ulibinafsishwa 2005, kisha ukarejeshwa chini ya STAMICO. Vifusi vilibaki palepale huku wamiliki wakibadilika. Ng'ambo ya Songwe, mgodi wa urani wa Kayelekera, Malawi, ulisimamishwa 2014, na maji ya eneo lake huelekea ziwa hilihili kupitia Rukuru ya Kaskazini. Mkataba wa 2017 uliunda kamisheni ya nchi mbili kwa Bonde la Mto Songwe. Mto Kiwira, unaotiririka wote ndani ya Tanzania, uko nje ya bonde hilo na husimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, ingawa mbasa wa mito yote miwili hukulia katika ziwa moja.