Kliniki ya Mama Inalipwa na Nani?

Mwaka wa 1965 serikali mbili zilizo mbali sana zilijibu swali moja: mtu asiye na pesa akiugua, nani alipe? Marekani ilianzisha Medicaid. Jimbo likitumia dola moja kumtibu maskini, Washington hurudisha sehemu yake, na sehemu hiyo haishuki chini ya nusu. Jimbo maskini hurudishiwa zaidi. Mississippi hupata zaidi ya senti 70 kwa kila dola. Leo karibu uzazi 4 kati ya 10 nchini humo hulipiwa hivyo, pamoja na kliniki za kabla ya kujifungua. Kenya, iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, ilijibu kwa mkato: ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wasiolazwa ikafutwa.

Jibu letu lilikuwa tamu zaidi. Shida ni kwamba hakuna aliyeandika pengo la zile shilingi 5 litajazwa na nani.

Mimi ni wa Olenguruone, kule juu kwenye baridi, chai na viazi, na hapo kwetu amri kutoka mbali si kitu kigeni. Mwaka wa 1941 wakoloni waliwaleta hapa Wakikuyu walioondolewa nchi ya Wamaasai, wakawapa masharti ya kulima na ya kurithi. Watu wakakataa, wakala kiapo, wanawake na watoto wakiwemo. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Amri zilizofuata baada ya uhuru zilikuwa na heri zaidi, lakini zilipanda mlima kwa njia ile ile.

Mwaka wa 1970 serikali kuu ilizinyang'anya halmashauri za wilaya vituo vya afya. Sababu ilikuwepo, halmashauri nyingi zilikuwa hazina kitu. Ila kuanzia hapo nesi wa zahanati alingoja dawa na mshahara kutoka Nairobi. Kisha Desemba 1989, Benki ya Dunia na IMF zikiwa zimeibana serikali, ada zikarudi kwa jina zuri la kugawana gharama. Zikasitishwa kiasi 1990, zikarudi tena 1992. Mama yangu anasema miaka hiyo kadi ya kliniki ilikaa kabatini mpaka viazi viuzwe. Viazi havijui mimba ina miezi mingapi.

Mwaka wa 2004 ada ikashushwa hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Mwaka wa 2006 pesa za Wajerumani zilileta vocha: mama maskini ananunua kwa shilingi 200, anapata kliniki nne na kujifungua, na hospitali inalipwa baadaye. Jambo safi kabisa, lakini lilikuwa la Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa miwili ya mabanda Nairobi. Kuresoi tuliisikia redioni, kama tuliisikia.

Halafu tarehe 1 Juni 2013, Uhuru Kenyatta akatangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Hapa ndipo hesabu inanoga. Serikali ya kitaifa iliahidi kulipa shilingi 2,500 kwa kila mama aliyejifungulia zahanati au kituo cha afya, na 5,000 kwa hospitali ya kaunti, iwe kawaida iwe upasuaji. Na kumbuka, mwaka huo huo hospitali zilikuwa zimekabidhiwa kaunti. Kwa hivyo aliyeahidi ni Nairobi, mwenye wodi ni Nakuru, na pesa zilipofika, sehemu nyingi ziliingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti, zikashindana na barabara na mishahara kabla ya kurudi wodini kununua glavu. Ilibidi tungoje sheria ya 2023 ndiyo hospitali ziruhusiwe kubaki na mapato yao wenyewe.

Linda Mama ilipohamia NHIF mwishoni mwa 2016, iliongeza kitu ambacho ahadi ya 2013 ilikiruka: kliniki kabla ya kujifungua na baada yake. Mama hakuchangia hata ndururu. Alijisajili tu. Kwangu mimi huo ndio wakati tulikaribia zaidi kufanya jambo la maana.

Oktoba 2024 NHIF ikafa, SHA ikaingia. Kliniki katika zahanati na vituo vya afya bado ni bure, inalipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Lakini kujifungulia hospitali kubwa kunahitaji mchango wa bima, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima mapema: angalau shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Wifi yangu alihudhuria kliniki zote, kadi imejaa mihuri. Uchungu ulipoanza, swali la kwanza alilokutana nalo mapokezini lilikuwa kama amelipia mwaka. Ndugu tukachanga kwa simu, yeye akiwa ameshika ukuta.

Sheria mpya inaziruhusu serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, kuwalipia wasiojiweza. Haisemi kaunti ikitoa mia, Hazina itoe ngapi. Sentensi hiyo moja Wamarekani waliiandika 1965. Bunge la Kaunti ya Nakuru hupitisha bajeti kila Juni, na vikao vya maoni ya wananchi hutangulia. Mwaka huu nitakwenda, na wifi amesema tutaandamana, mtoto mgongoni.