Suti, Gomesi na Kiti cha National Theatre

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki dunia Mei 28, 2025, magazeti yetu yalimkumbuka kwa riwaya zake, kifungo chake na msimamo wake juu ya lugha. Kampala ina jambo lake la kumkumbuka nalo. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya bendera ya Uganda kupandishwa, wanafunzi wa Makerere waliteremka kilimani kwenda National Theatre kuonyesha The Black Hermit, tamthilia ya mwenzao ambaye bado aliitwa James Ngugi.

Jengo lilikuwa jipya. Lilifunguliwa Desemba 1959, hatua chache kutoka Bunge, likiwa na viti visivyofika 400, na miaka ile ya mwanzo jukwaa lake lilitawaliwa na vikundi vya Wazungu waliokuwa wakiishi mjini. Mwanafunzi wa Kiafrika aliyekata tiketi alijua atatazamwa kuanzia viatuni. Basi akavaa.

Waliosoma enzi hizo husimulia maandalizi yaliyoanza tangu usiku wa kuamkia onyesho. Suruali ililazwa chini ya godoro, mikunjo ikiwa imenyooshwa kwa vidole, ili mwenyewe ailalie mpaka asubuhi. Asiye na tai aliazima kwa jirani wa chumba. Joho jekundu la mwanafunzi, desturi iliyoshika mizizi Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, lilikuwa la mlo wa jioni bwenini. Mjini ilitakiwa suti.

Wasichana wa bweni la Mary Stuart Hall walikuwa na chaguo pana zaidi. Wapo waliovaa gauni la kizungu, na wapo waliovaa gomesi: mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto wa kifua, na mshipi mpana ukining'inia mbele. Vazi hilo lilianzia kwenye sare za shule ya Gayaza mwaka 1905, likachukua jina la fundi Mgoa, Gomes. Kwa maoni yangu, msichana aliyeingia ukumbini na gomesi alikuwa amejibu swali la jengo lile ni la nani kabla pazia halijafunguliwa.

Swali hilo halikuwa la kubuni. Katika kumbukumbu zake za Makerere, Birth of a Dream Weaver, Ngũgĩ anaeleza kisa kilichotangulia The Black Hermit. Mabweni yalikuwa na mashindano ya kuandika na kuigiza kwa Kiingereza, naye akiwa Northcote Hall, inayoitwa leo Nsibirwa, aliandika mchezo mfupi, The Wound in the Heart. Mpiganaji wa Mau Mau anarudi kutoka kizuizini na kukuta mkewe amebakwa na ofisa Mwingereza. Ilitarajiwa upelekwe National Theatre. Haukupelekwa. Sababu iliyomfikia ni kwamba ofisa wa Kiingereza hawezi kufanya jambo kama lile. Yaani kijana angeweza kunyoosha suti, kufunga tai na kuketi ukumbini kwa adabu zote, lakini kilichompata mama wa kijijini kwao hakikuruhusiwa kupanda jukwaani. Ndiyo maana ile Novemba ya 1962 ina uzito. Waliokuwa wakivaa ili wakubaliwe kutazama, sasa walivaa kwenda kumsikiliza mmoja wao.

Mwaka 1965 Makerere ikaanzisha maigizo ya kusafiri, bila kiingilio, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mtazamaji alikuja na nguo alizotoka nazo shambani. Mwishoni mwa muongo huo mshairi Okot p'Bitek alikuwa amekwisha kuongoza kituo cha National Theatre na kuondoka.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin. Mwaka 1972 sketi fupi zilipigwa marufuku kwa amri. Miaka miwili baadaye zikafuata wigi na suruali kwa wanawake. Kujipamba kwa usiku mmoja mjini kukawa kosa la jinai. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza National Theatre, alichukuliwa na watu wa usalama akauawa, muda mfupi baada ya kurudi na kikundi chake kutoka tamasha la FESTAC, Lagos.

Baadaye zikaja kumbi nyingine, na mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino ikampa kila mwanafunzi koti kwa bei nafuu. Miaka ya 2010 ulipozuka mpango wa kujenga ghorofa ndefu pale National Theatre, wasanii walipinga, na walikuwa na haki.

Linaloniuma ni kumbukumbu. Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua, na nyaraka nyingi zikateketea. Picha za usiku zile, tiketi, na pengine joho moja jekundu, huenda bado zimo kwenye masanduku ya wazee wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Wajukuu, kabla hamjatupa vitu vya babu na bibi, fungueni masanduku hayo, muulize nani yumo pichani na alikuwa akienda wapi, kisha mvipeleke maktaba ya Makerere.