Mzee na Mnyama Wake

Msomaji, ukifika Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, utaona kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zilizojengwa yapata karne ya 16. Watu na mifugo yao walikingwa na boma moja.

Ujirani ule haujavunjika. Toka Migori hata Homa Bay, vijana wengi wamekwenda mijini kutafuta kazi, na mzee hubaki na mbwa wake na mbuzi wachache. Je, wamfaa?

Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 92 wa moyo. Kati ya 53 waliofuga wanyama, walikufa 3 katika mwaka mmoja. Kati ya 39 wasiofuga, walikufa 11. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba mnyama ni dawa. Lakini mbuzi humwamsha mzee alfajiri na kumtembeza, na mbwa humwondolea upweke.

Basi, ukimkuta bibi yako akisema na mbwa wake, usimcheke. Mpeleke mbwa huyo akachanjwe kichaa, ili rafiki asigeuke adui.